Sumu ya Mtama Mchanga

Viwavi wakitajwa, mawazo yetu hukimbilia dawa ya dukani. Lakini mtama wa wilaya za Iramba, Mkalama na Ikungi una kinga yake. Seli za majani huhifadhi kemikali iitwayo durini upande mmoja, na kimeng'enya cha kuivunja upande mwingine. Mdudu akitafuna, viwili hivyo huchanganyika na sianidi hutoka, sumu inayouzuia mwili kutumia oksijeni. Wapo wadudu wanaoihimili. Mche mchanga ndio wenye sumu nyingi, na ukame huizidisha. Kwa hiyo ng'ombe aliyeachiwa machipukizi baada ya mavuno anaweza kufa siku hiyo hiyo. Punje zilizokomaa hazina hatari hiyo, ugali tule. Maafisa ugani, tafadhali, waelezeni wafugaji kabla mabua hayajachipua upya.