Sukari ya asubuhi: tusimshitaki mgonjwa



Hapa Baraka tulimtembelea mama mmoja mwanachama, aliyerudi toka kambi ya Nyarugusu. Jioni sukari yake ilikuwa 130. Asubuhi, mbele ya chai, 210. Nyumbani wakasema: "Anaamuka usiku anakula kwa siri." Kwa haya, akaacha kula jioni, na vidonge vyake vya glibenklamidi akaongeza yeye mwenyewe. Usiku mmoja akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, maneno yakapotea. Jirani alimunywesha maji ya sukari. Ndiyo yaliyomuokoa.

Wandugu, yule mama hakuiba chakula. Kuelekea alfajiri mwili unajitayarisha kuamuka, na ini linamwaga sukari katika damu. Asiye na ugonjwa, insulini yake inaisawazisha. Kwa mgonjwa haitoshi. Kuna sababu zingine pia: bugali nyingi usiku sana, dawa iliyosahauliwa, ao dawa inayoisha nguvu mbele ya kuche.

Basi tufanye nini? Tupime mbele ya kulala, saa tisa ya usiku, na asubuhi, kwa siku mbili tatu. Tuandike kwenye daftari, tupeleke kwa munganga. Wagonjwa wengi wazima wanalenga 80 hadi 130 asubuhi, lakini munganga ndiye anampangia kila mtu kiasi chake. Ikiwa chini ya 70, tusingoje kuche: vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji, kiisha dakika 15 tupime tena. Aliyezimia tusimunyweshe kitu, tumukimbize kituo cha afya.

Jioni tule mapema, bugali kidogo, sombe ao lengalenga na ndagala, kiisha tutembee kidogo. Dawa tusiongeze wala tusipunguze bila munganga.

Kwa wafadhili tunasema wazi: mashine ya kupimia tunayo moja. Karatasi zake ndizo zinaisha upesi, na usiku mmoja wa kupima hivi unakula tatu.

Yule mama, munganga amemupangia dawa upya. Siku za kupima, bwana yake ndiye anamuamusha saa tisa, anashika taa. Hakuna tena anayemuita mwizi.