Kuanza Mbio Ndefu Baada ya Miaka Arobaini

Maandishi ya mazungumzo na wakazi wa mitaa ya Eastlands



Huku Eastlands mchezo ni kandanda, na baada ya kandanda ni ndondi. Uwanja wa City pale Jogoo Road, ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la Joe Kadenge, uliwafundisha watu kukaa jukwaani kushangilia miguu ya wengine. Camp Toyoyo pale Jericho ni hivyo hivyo. Mabondia nao walikimbia, kwa sababu hakuna bondia asiyekimbia alfajiri. Robert Wangila hakuipata dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988 kwa ngumi peke yake. Lakini mbio zenyewe, mbio ndefu za barabarani, zimehesabiwa kuwa kazi ya watu wa Iten na Kapsabet, tena kazi ya vijana. Mwanamume wa miaka 45 akionekana anakimbia Mumias South Road huulizwa anafukuzwa na nani. Mwanamke wa umri huo huulizwa zaidi ya hayo, na wengine humpigia miluzi.

Swali hilo la nani anamfukuza lina jibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kila ploti hapa inajua nyumba ambayo baba aliondoka asubuhi kwenda kazini akirudi amepooza upande mmoja, akiwa na miaka 48 na watoto bado shuleni. Majirani husema ni ghafla. Mara nyingi si ghafla. Presha ilikuwa humo miaka kumi, haiumi, haipigi kelele.

Kabla ya kusema lolote kuhusu kukimbia, inafaa kukumbushana kwamba watu wa Eastlands tayari ni watu wa safari ndefu. Simama Jogoo Road au Outer Ring kabla jua halijachomoza uone. Maelfu wanakwenda Industrial Area kwa namba kumi na moja, yaani miguu yao miwili, kwa kuwa nauli ya matatu asubuhi ni unga wa jioni. Kutoka Kayole ni kilomita nane, pengine kumi, na jioni ni zile zile kurudi. Mtu anayefanya hivyo siku sita kwa wiki ana msingi ambao karani mwenye gari hana. Hajui tu kwamba anao.

Australia mwaka 1983 palikuwa na mashindano ya kukimbia kutoka Sydney hadi Melbourne, kilomita 875. Miongoni mwa vijana waliojiandaa alikuwamo mkulima wa viazi, Cliff Young, mwenye miaka 61, aliyezoea kuchunga kondoo kwa miguu. Watu walicheka. Alikuwa hainui magoti, anaburuza miguu kama mzee anayevuka ua. Lakini mwendo ule ulikuwa haupotezi nguvu, na wengine walipolala yeye alizidi kwenda. Alishinda kwa siku 5 na saa 15. Pesa za zawadi aliwagawia wakimbiaji wengine, jambo ambalo ni nadra kuliko ushindi wenyewe.

Wa nyumbani wapo pia. Kenneth Mungara, aliyezaliwa 1973, alikuwa kinyozi. Alianza mbio akiwa amepita miaka 30, umri ambao wengi wanatundika viatu, kisha akashinda marathoni ya Toronto mara nne mfululizo, 2008 hadi 2011. Mwaka 2015 alishinda Gold Coast kule Australia kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42, akiwa na miaka 41, akaishinda tena 2016 na 2018. Edna Kiplagat alishinda Boston 2017 akiwa na miaka 37, na mwaka 2024, akiwa na 44, bado alimaliza wa tatu. Hawa ni watu wa vipaji, na hakuna anayeahidiwa hapa kwamba atakimbia kama wao. Wanatajwa kwa sababu moja tu: mwili uliopita arobaini bado unafundishika.

Unafundishika, ila polepole, na hapa ndipo watu wanapoumia. Moyo na mapafu huitikia haraka. Baada ya wiki sita mtu haheme tena kama zamani, anajiona kijana, anaongeza kilomita. Kano, mifupa na magoti havijafika huko. Kano ya kisigino huhitaji miezi mingi, si wiki, kuzoea kubeba mwili unaoruka kila hatua. Kwa hiyo mkimbiaji mpya wa umri wa kati huumia hasa wakati anapojisikia vizuri, mwezi wa pili au wa tatu, na wengi huacha hapo wakiamini kwamba umri ndio uliowakatalia, kumbe ni haraka.

La kwanza, basi, ni kupimwa. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, na wanapita nyumba kwa nyumba. Anayepita kwenye ploti yenu asiambiwe mko sawa. Mpeni mkono apime. Anayetaka zaidi aende kituo cha afya kilicho karibu naye, na mwenye tatizo kubwa ataelekezwa Mama Lucy Kibaki. Mwenye presha hakatazwi kukimbia presha hiyo ikishadhibitiwa, na tena mazoezi huisaidia kushuka, lakini asiache dawa kwa kuwa amenunua raba. Mwenye kisukari anayedunga insulini azungumze na daktari wake kwanza, maana mbio hushusha sukari, wakati mwingine saa kadhaa baadaye, na atembee na kitu kitamu mfukoni. Aliyefiwa na baba au ndugu ghafla akiwa kijana kwa ugonjwa wa moyo aseme hivyo kliniki bila kuulizwa.

Ukweli mmoja hufichwa na wapenzi wa mbio. Mtu asiyezoea, akijilazimisha kwa nguvu siku moja, hatari ya moyo kusimama hupanda kwa muda ule. Yule anayefanya mazoezi mara kwa mara hatari yake kwa mwaka mzima hushuka. Mambo yote mawili ni kweli pamoja. Ndiyo maana mzee anayeingia marathoni ya kampuni bila maandalizi kwa sababu bosi alinunua fulana za bure anafanya jambo baya kuliko kukaa nyumbani. Kifua kikibana, maumivu yakienda shingoni au mkono, kizunguzungu kikija, ni kusimama pale pale na kutafuta hospitali. Usimalize kona.

Namna ya kuanza si siri. Siku tatu kwa wiki, dakika 30. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia. Kila wiki ongeza kidogo mbio na punguza kutembea, mpaka baada ya miezi mitatu hivi unakwenda dakika 30 bila kusimama. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako sentensi nzima kuhusu bei ya nyanya. Ukishindwa kumalizia sentensi, punguza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Hizo siku mbili ndizo watu huziruka, na kwa aliyepita arobaini ndizo muhimu zaidi, kwa sababu misuli huanza kupungua yenyewe. Hazihitaji jimu. Ploti ina ngazi. Simama kwenye ngazi kwa vidole, shusha visigino polepole, inuka, mara 15, upumzike, urudie. Kaa na kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Huo ndio ulinzi wa goti na kisigino.

Viatu huleta mjadala usioisha. Raba mpya ni ghali, na Gikomba iko karibu. Mtumba si dhambi, ila si kila raba inayong'aa ni nzima. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, hata kama juu ni safi. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Iliyolala upande mmoja imebeba mwendo wa mtu mwingine na itakupa maumivu yake. Nafasi ya upana wa kidole gumba ibaki mbele ya kidole kirefu, maana miguu huvimba.

Njia nayo. Outer Ring ina urefu wa kilomita 13 kutoka upande wa Ruaraka hadi Taj, na ina njia za miguu, ingawa sehemu nyingine zimegeuzwa soko na boda boda nazo hupita humo kana kwamba zilijengewa. Jumapili alfajiri ni nzuri, siku za kazi baada ya saa moja moshi wa dizeli hauvumiliki. Vuka kwa daraja la juu. Fauja Singh, mzee wa Kisikh aliyeanza marathoni akikaribia miaka 90 na kukimbia nyingine Toronto 2011 akihesabiwa kuwa na 100, hakuuawa na mbio. Aligongwa na gari Julai 2025 akivuka barabara kijijini kwao India. Wanaokaa Buruburu wana bahati ya koti na barabara za ndani, mtu anaweza kuzunguka kilomita tano bila kugusa barabara kuu. Wa Dandora wasubiri siku ambazo upepo hauleti moshi wa jaa.

Na usalama: giza la saa kumi na moja si la mtu mmoja. Kundi la watu wanne halipokonywi simu kirahisi, na mwanamke aliye katikati ya kina mama wenzake hapigiwi miluzi mara mbili. Vyama vipo tayari. Chama kinachokutana kila Jumapili kuchanga kinaweza kukutana saa moja mapema kutembea na kukimbia, leso kiunoni au suruali, kila mmoja anavyoona heshima yake. Baadhi ya waume watanuna. Wengine watafuata.

Sasa kuhusu mbio za kupita marathoni, maana wapo waliokuja kwa hilo. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Zaidi ya hapo ndipo zinapoanza zile ndefu kupindukia, na mama yao kwa Afrika ni Comrades ya Afrika Kusini, iliyoanza 1921 kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90, na muda wa kumaliza ni saa 12. Wengi wanaoikimbia ni walimu, wauguzi, madereva, watu wa umri wa kati wenye matumbo ya kawaida. Wally Hayward aliishinda mara tano, mara ya mwisho 1954 akiwa na miaka 45. Kisha alirudi 1989, na miaka 80, akamaliza zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili lango lifungwe.

Umri hausumbui sana kwenye umbali huo kwa sababu kasi si kitu kikubwa. Kinachohitajika ni subira, tumbo linalokubali chakula mwilini ukiwa mwendoni, na kujua kutembea. Wakimbiaji wazuri wa kilomita 90 hutembea vilima kwa makusudi. Ila asianze huko. Mwaka mmoja wa kukimbia kabla ya kilomita 21, mwaka wa pili kwa 42, kisha aone. Aulize nyumbani pia, maana saa nne za Jumamosi zinazotumika barabarani zinatoka kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mke au mume anayebaki na watoto na nguo za kufua. Familia nyingine zimegombana juu ya hilo kuliko juu ya pesa.

Vyakula vya safari vipo sokoni: ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa, nduma yenye chumvi kidogo. Uji asubuhi, saa mbili kabla. Maji yanywewe kwa kiu. Anayejaza tumbo maji kwa saa sita hupunguza chumvi ya damu mpaka anachanganyikiwa, na watu wamefariki hivyo. Na dawa za maumivu za dukani aina ya ibuprofen zisimezwe katikati ya mbio ndefu. Mwili ukiwa umekauka, dawa hizo huumiza figo. Goti likiuma kiasi cha kuhitaji kidonge, safari ya siku hiyo imekwisha, panda matatu.

Siku mbili baada ya mbio ndefu ni za kutembea tu. Wanaokaa ghorofa ya tano Umoja au Pipeline watagundua kwamba kupanda si tatizo. Kushuka asubuhi ya Jumatatu ndiko kutakowafanya washike ukuta, wateremke kinyumenyume, huku watoto wa jirani wakiwapita mbio kwenda shule.