Ndege Mpya Isiyomfikia Babu Yake kwa Mbio

Wahitimu wa kidato cha sita wa Mbulu na Hanang: kutoka Mbulu mjini hadi Katesh, angani, ni kama kilomita 75. J-5 ya Kichina, nakala ya MiG-17, ingezimaliza kwa dakika nne. MiG-21 ingetumia mbili.

Ndege za aina hizo zimewahi kuwa mikononi mwa Jeshi la Wananchi. Kabla ya hapo, kati ya 1965 na 1970, wakufunzi wa Kanada waliwafundisha marubani wa Tanzania kwa Otter na Caribou, ndege za propela za kubebea watu na mizigo. Wachina wakafuata na ndege za kivita.

Ndege za kivita za jeti hupangwa kwa vizazi. Rubani wa J-5, ya kizazi cha kwanza, alimtafuta adui kwa macho na kumpiga kwa mizinga mitatu. J-6 iliyoifuata ikavuka mwendo wa sauti. MiG-21 ikafikia mara mbili ya mwendo huo. Baada ya hapo mbio zikaacha kuwa kipimo kikuu, jambo ambalo mashabiki wengi wa ndege hawalisemi.

Kilichobadilika baadaye ni uwezo wa kuona. F-5E, ambazo Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1978, zina rada na makombora yanayofuata joto la injini. Su-30MK2 sita ambazo Uganda ilizinunua Urusi, zikawasili 2011 na 2012, ni za kizazi cha nne: watu wawili ndani, kompyuta kati ya usukani na mabawa, na makombora yanayomfikia adui kabla hajaonekana kwa macho.

Kizazi cha tano kikageuza mchezo: kuona bila kuonekana. Umbo la F-35 hutawanya mawimbi ya rada, rangi yake huyameza, na silaha hufichwa tumboni. Mwendo wake? Mara 1.6 ya sauti. MiG-21, iliyobuniwa miaka ya 1950, inaiacha nyuma.

Hesabu hizi za vizazi, kwa kweli, hazina sheria. China yenyewe iliwahi kuiita ndege yake ya J-20 ya kizazi cha nne, wengine wakiiita ya tano.

Wengi wenu mnaelekea JKT kwa mujibu wa sheria. Mkiulizwa huko ndege ipi ni ya kisasa, msitaje mbio. Nanyi walimu wa Fizikia, mada ya mawimbi ifundisheni kwa rada.