Mama, Mwambie Kijana Ukweli Kuhusu Aliyefariki

Leo tunazungumza juu ya kifo ambacho jamaa hawapendi kukitaja. Ni kile cha kijana au mzazi aliyeuawa na pombe ya sumu, nasi tukasema matangani kwamba ilikuwa presha, au karogwa.

Katika jamaa yetu aliyekufa hivyo ni mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na miaka 19. Jumamosi alikunywa na wenzake, akarudi usiku, akalala. Jumapili aliamka akilalamika kichwa na tumbo, watu wakasema ni uchovu wa pombe tu. Saa sita mchana, jua likiwaka, aliuliza kwa nini hatujawasha taa. Jumatatu alfajiri alikuwa amefariki.

Wazee wa ukoo walitaka isemwe ni malaria. Mama yetu alikataa. Siku ya mazishi alisimama mbele ya vijana wote wa kijiji akasema, "Mwanangu amekufa kwa pombe. Alipofuka kwanza, kisha akafa. Ninyi mliokunywa naye, nendeni hospitali leo." Wawili walikwenda, nao wangali hai, ingawa mmoja macho yake hayaoni vizuri.

Hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 1987 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza kwamba mwanawe alikufa kwa ukimwi. Nelson Mandela alifanya vivyo hivyo Januari 2005, siku ile ile aliyofiwa na mwanawe Makgatho. Kama watu wakubwa kama hao hawakuona aibu, mimi na wewe tunamficha nani?

Sasa elewa kinachoua, ili uweze kumweleza mtoto. Wauzaji wengine huongeza methanoli katika chang'aa au katika pombe ya chupa. Hiyo ni spiriti ya viwandani. Kwa harufu, kwa rangi, hata kwa ladha, mnywaji hawezi kuitambua, na chupa yenye karatasi nzuri si dhamana. Mtu hulewa kama kawaida. Lakini ini huigeuza methanoli kuwa asidi, na asidi hiyo hushambulia neva za macho. Kwa hiyo dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa, kutapika, tumbo kuuma, kuona ukungu mweupe, kuhema haraka. Vijiko viwili vya chai vya methanoli tupu vyaweza kumpofusha mtu. Novemba 2000 sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Februari 2024 iliua tena watu wasiopungua 17 huko Kirinyaga. Hapo katikati kulikuwa na misiba mingine, na kila mara tulishangaa kana kwamba ni jambo geni.

Utamwambiaje kijana wako? Usimwite akae kitini kama mshtakiwa. Mkiwa mnachambua maharagwe au mnafua, hapo maneno hutoka kwa urahisi, kwa sababu hamtazamani usoni. Anza na mtu mwenyewe, jinsi alivyopenda mpira na alivyomchekesha nyanya. Kijana akimjua kama mtu, kifo chake kitamgusa. Kisha simulia yaliyotokea, saa kwa saa, bila kuongeza chumvi. Ukilia, lia. Akiuliza swali gumu, kwa mfano kama wewe uliwahi kunywa, mjibu kweli.

Ila kuna maneno yanayoharibu kazi yote. "Utakufa kama mjomba wako!" Hiyo ni laana, tena ni kumfanya marehemu kuwa kiboko cha nyumbani. Mama mwingine humtaja marehemu kila mtoto akichelewa dakika kumi. Baada ya mwezi mtoto hasikii tena. Simulia mara moja vizuri, halafu ngoja aulize mwenyewe.

Baada ya hapo pangeni jambo la kufanya. Vijana wengi hunywa mara ya kwanza kwa sababu hawajui watakataaje mbele ya wenzao. Mpe neno la siri. Akikupigia simu akasema, kwa mfano, "Mama, umemeza dawa?", wewe unajua anataka kutolewa hapo. Mwendee, au mtume mtu unayemwamini, na maswali yangoje kesho. Najua baba wengine watasema huku ni kumdekeza. Mimi nasema afadhali kijana aliyedekezwa akiwa hai. Mwambie pia kwamba tangu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Mwenye kosa ni muuzaji, kwa hiyo mtoto asiogope kusema alikonunua.

Na kama amekwisha kunywa pombe unayoishuku, usimpe maziwa ukangoja alale. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado hana dalili, na uwapashe habari wazazi wa wenzake wote. Mweleze daktari ukweli, kwa maana dawa ya methanoli si dawa ya malaria. Iko dawa ya kuzuia isigeuke asidi, na iko mashine ya kusafisha damu, lakini hivyo vyote hushindana na saa.

Ikiwa kijana wako tayari ameshikwa na pombe, piga namba 1192 ya NACADA, bila malipo. Juma lijalo tutazungumza juu ya kijana anayerudi nyumbani kutoka matibabu. Kwaheri, mama.