Yaliyorudi Nyumbani Kutoka Mkutanoni

Hotuba iliyosomwa mbele ya vyama vya akina mama na walimu katika juma la Yubile

Wazee wa Yubile wametutaka tuseme habari za uongozi katika vyama vya kujitolea. Sababu yao ni hii: mwaka huu kila mtaa utachagua watu wawili waende mkutano wa viongozi wa wanawake, na nauli yao itatoka katika fedha za chama, yaani fedha za mayai, za mikeka, na za kulimia watu mashamba. Zimekusanywa senti kwa senti. Basi yafaa tujue mapema ni kitu gani tunachonunua kwa fedha hizo.

Tumechagua kusimulia habari za mkutano mmoja mashuhuri, uliofanyika Nairobi mwezi wa Julai 1985. Kwa kweli ilikuwa mikutano miwili. Mmoja ulikuwa wa serikali, ulioitishwa na Umoja wa Mataifa tangu tarehe 15 hata tarehe 26, ili kupima kazi ya miaka kumi iliyoanza kule Mexico mwaka 1975. Wa pili ulikuwa wa vyama visivyo vya serikali, nao ulitangulia siku chache, ukafanyika katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Huo wa pili ndio unaotuhusu sisi, maana waliokuja walikuwa watu wa namna yetu, wauguzi na walimu na wakulima, na wengi wao hawakupewa mshahara kwa kazi ya vyama vyao. Hesabu yao ilipata kama 14,000. Msimamizi wao alikuwa Bibi Nita Barrow wa kisiwa cha Barbados, muuguzi kwa kazi yake, ambaye alikuwa rais wa YWCA ya ulimwengu tangu mwaka 1975 hata 1983.

Katika uwanja wa Chuo palisimamishwa hema, ikaitwa Hema ya Amani. Iran na Iraq walikuwa vitani mwaka ule, na uadui wa Waisraeli na Wapalestina mnaujua. Wanawake wa mataifa kama hayo waliingia katika hema ile wakaambiana maneno mazito uso kwa uso. Hatusemi kwamba walipatana katika kila neno. Walakini ugomvi ulipewa mahali pake na saa yake, wala haukuachwa uharibu shughuli nyingine zote. Katika vyama vyetu ni mara ngapi neno lisilosemwa mkutanoni husemwa kisimani? Na likisemwa kisimani halina mwenyekiti.

Lakini somo kubwa zaidi twalipata kwa mmoja wa wenyeji, naye ni Bibi Wangari Maathai, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, ambalo ni umoja wa vyama vingi. Habari zake zaanza miaka kumi kabla ya mkutano ule. Wakati mkutano wa Mexico ulipokuwa ukitengenezwa, Baraza liliwasikiliza wanawake wa mashamba wakieleza shida zao. Hawakuomba mambo makubwa. Walisema kuni ziko mbali, maji si safi, na chakula chao hakiwatoshi watoto. Wangari alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu mwenye shahada ya udaktari wa elimu. Angeweza kuandika kitabu kizima juu ya maneno yale. Yeye aliona kwamba shida zile zote zina shina moja, ndiyo nchi iliyovuliwa miti yake, akasema: Kwa nini tusipande miti?

Alianza kwa kitalu kidogo. Mwaka 1976 alisafiri kwenda Vancouver, nchi ya Kanada, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya makao ya watu, akasikia huko watu wenye hekima, akarudi na moyo mkuu. Aliporudi, alikuta miche yake karibu yote imekufa.

Hapa tusimame kidogo. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mkutano ulikuwa mzuri, mjumbe alikuwa hodari, na huku nyumbani miche ilikufa. Wangari hakuacha. Alipeleka shauri lake katika Baraza, ili kazi isiwe ya mtu mmoja bali ya vyama, na tarehe 5 Juni 1977 wakapanda miti saba huko Kamukunji, Nairobi, kila mti kwa kumbukumbu ya kiongozi mmoja aliyefariki. Miongoni mwao walikuwa wanawake wawili, Wangu wa Makeri na Mekatilili wa Menza. Hata miti ile haikuishi yote.

Kisha likaja jambo ambalo twataka walimu walisikie vizuri. Wakuu wa misitu walimwahidi miche bure, wakidhani kwamba wanawake hawataweza kupanda mingi. Haukupita muda mrefu wakaona miche inakwisha, wakaiondoa ahadi yao. Ndipo wanawake wakaamua kuotesha wenyewe. Mabwana misitu walikuja kuwafundisha, lakini mafundisho yao yalikuwa ya vipimo na maneno ya chuoni, na wanawake hawakuyafahamu. Wangari akawaambia waache hayo, watumie akili waliyo nayo kwa mahindi na maharagwe, kwa kuwa mtu ajuaye kuotesha mbegu ya chakula ajua pia kuotesha mbegu ya mti. Basi walikusanya mbegu za miti ya kwao, wakazitia katika makopo na vyungu vilivyovunjika, wakaviinua juu kuku wasivifikie. Wakafaulu.

Tena tazameni namna walivyolipana. Kila mwanamke alipewa senti chache tu, wala hakupewa kwa mche uliootoka kitaluni. Alipewa kwa mti uliopandwa na kushika. Watu wengine walikwenda kuhesabu. Ijapokuwa fedha zilikuwa kidogo, mpango huu ulikuwa na akili nyingi, maana katika vyama vingi twasifu mwanzo, na mwisho hatuendi kuutazama.

Labda mtu atasema: Yule alikuwa na elimu kubwa, na wafadhili wa Ulaya. Ni kweli, msaada wa Norway na wa Umoja wa Mataifa ulikuja, lakini ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao ulikuta vitalu vipo tayari. Wala Baraza halikuwa na raha. Mwaka 1979 Wangari aliomba uenyekiti akashindwa kwa kura tatu, akakubali kuwa makamu. Mwaka uliofuata alichaguliwa, na wakati uo huo chama kimoja kikubwa kikajitoa katika Baraza, hata hazina ikabaki karibu tupu. Kilicholiweka Baraza hai ni kazi ya miti.

Basi wageni wa mwaka 1985 walipofika Nairobi, wenyeji waliwapeleka vijijini wakaone vitalu, na wanawake wa vijijini wakaeleza wenyewe kazi yao. Mwaka 1986 pakaanzishwa mpango wa kuwafundisha watu wa nchi nyingine za Afrika, zikiwamo Tanzania na Uganda, nao wakaja kujifunza kwa wanawake wale wale. Sifa za ulimwengu zilikuja baadaye sana. Nishani ya Nobel ya Amani Wangari aliipata mwaka 2004. Alifariki mwaka 2011, na vitalu havikufa pamoja naye.

Sasa turudi kwa wajumbe wetu wawili. Shauri letu ni kwamba mmoja awe mtu wa kazi yenyewe, ashikaye jembe au atembeleaye wagonjwa, ajapokuwa hajui Kiingereza, mwenziwe atamfasiria. Aliyekwenda mwaka jana asiende tena mwaka huu, hata akiwa msemaji hodari. Kabla ya safari chama kikutane, kiwape maswali matatu ya mtaa wetu, yaandikwe. Wakirudi, wapewe Jumapili mbili tu za kupumzika. Jumapili ya tatu wasimame mbele ya watu wote watoe majibu na hesabu ya nauli, na baada ya miezi sita mtu mwingine, asiyekuwa mjumbe, aende nyumba kwa nyumba atazame kilichoshika.

Walimu twawaomba kazi moja: kuandika maswali hayo kwa maneno ya akina mama wenyewe, bila kuyapamba. Daftari iko mezani kwa katibu, na kurasa za kila mtaa zimekwisha kupigwa mistari.