Hadithi za Watoto Nazo Zinataka Msaragambo

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Machame.)



Kila aliyekulia hapa Machame anaujua mfereji. Wazee wetu waliyachepusha maji ya mito ya mlimani, kama vile Weruweru na Kikafu, wakayaongoza mpaka vihambani. Maji hayo hayakuwa ya mtu mmoja. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kumwagilia, na siku ya msaragambo ilipotangazwa kila nyumba ilitoa mtu wa kwenda kuzibua mfereji na kuimarisha kingo zake. Aliyependa maji na kuchukia jembe hakuwa na heshima mbele ya wenzake.

Leo nataka tuzungumze juu ya mfereji wa namna nyingine, ambao maji yake ni hadithi za watoto.

Katika miaka hii wapenzi wa vitabu vya watoto, yaani walimu, wazazi, waandishi na wachoraji, wamekuwa wakikutana kwa njia ya intaneti na kufanya kazi pamoja, wengi wao bila malipo. Mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika ya Kusini ilizindua African Storybook, maktaba ya hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi zake husomwa bure, na mtu anaruhusiwa kuzitafsiri, kuzirekebisha na kuzichapa. Sharti kubwa ni kuwataja waliozitunga na kuzichora. Mwaka huohuo, katika nchi hiyohiyo, kilianzishwa chama cha Book Dash, ambacho huwakusanya waandishi, wachoraji na wahariri wa kujitolea wakatengeneza vitabu vya watoto kwa siku moja tu. Hadithi 40 za African Storybook zimekwisha kuvuka bahari na kutafsiriwa katika lugha zinazosemwa nchini Kanada, ili watoto wa huko nao wazisome.

Ndugu zangu, jambo hili si geni kwetu. Tangu mwaka 1991 nchi yetu imekuwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliosaidiwa na shirika la CODE la Kanada. Mradi huo ulinunua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzigawa mashuleni, ili mchapishaji asiogope hasara na mtoto asikose kitabu. Lakini kitabu cha karatasi kina gharama ya kuchapwa na ya kusafirishwa. Intaneti imepunguza gharama hizo. Haikuondoa kazi ya kutunga na kusahihisha.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Je, sisi wa Machame tumetoa nini?

Tukumbuke historia. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alisikiliza wazee wetu na kuandika ngano zao. Mwaka 1914 alizitoa katika kitabu, kwa lugha ya Kijerumani, huko Leipzig. Simlaumu, bila yeye huenda nyingi zingepotea. Lakini msomaji wa Leipzig alipata kuzisoma ngano za mlima huu katika kitabu, na mjukuu wa aliyezisimulia hakupata. Wakati ule hatukuwa na mitambo wala fedha. Leo mwalimu mwenye simu mfukoni atatoa udhuru gani?

Niruhusuni niwape kisa kimoja. Niliwahi kuwasomea watoto wa darasa la tatu hadithi niliyoipata katika intaneti. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, lakini mpangilio wake ulikuwa wa lugha nyingine. Nilipofika katikati, mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, “Mwalimu, mbona huyu bibi anaongea kama mgeni?” Darasa likacheka, nami nikacheka. Baadaye nilijiona mwenye makosa. Aliyetafsiri alikuwa amejitahidi kadiri ya uwezo wake. Mimi niliyekijua Kiswahili kizuri nilikuwa nimechota tu, nisiinue hata kidole kusahihisha.

Najua yapo mtakayoniuliza. Mtasema kwamba shule nyingi hazina kompyuta, umeme hukatika, na simu ni za watu wazima. Ni kweli. Ndiyo maana siwaambii tumpe kila mtoto simu. Mwalimu mmoja akipakua hadithi moja akiwa Moshi mjini au Bomang'ombe, anaweza kuisoma kwa sauti mbele ya darasa zima. Na ikichapwa nakala chache, itazunguka kutoka nyumba hadi nyumba.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila shule iunde kikundi kidogo cha mwalimu mwandishi, kijana mchoraji, na msahihishaji mmoja kati ya watumishi au wastaafu. Pili, kikundi hicho kimwendee mzee mmoja, kimsikilize kwa adabu, kiombe ruhusa yake, na jina lake litajwe katika hadithi akipenda. Tatu, hadithi iandikwe kwa Kiswahili fasaha na isomwe kwanza mbele ya watoto. Wakipiga miayo, irudi mezani. Nne, ndipo itumwe katika maktaba za wote, na nakala ya karatasi ibaki shuleni.

Hayo hayangoji bajeti wala mfadhili. Yanataka jioni chache za Jumamosi na moyo wa kujitolea, ambao mlima huu haujawahi kuukosa.

Ndugu walimu, wazee wanaozijua ngano hizi wanapungua kila mwaka, na watakapokwisha hatutakuwa na mtu wa kumwuliza. Siku zile aliyekwenda kwenye maji akiwa na ndoo tu, bila kujulikana kwenye msaragambo, aliona haya. Nasi tuone haya kidogo, kisha tushike kalamu.