Kazi na Mtaji: Ushirika Unaomilikiwa na Wafanyakazi
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na mafundi vijana



Ndugu wapendwa, wengi wenu mliopo hapa ni maseremala, mafundi cherehani na wachomeleaji. Baadhi yenu hufanya kazi katika karakana ya mtu mwingine kwa ujira wa siku, nanyi mwajua kwamba kesho mwaweza kuambiwa msirudi. Swali letu leo ni hili: je, ni lazima mwenye mali awe mmoja na wenye kutoa jasho wawe wengine?

1. Kanisa linafundisha nini?

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum, alitetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII, katika Mater et Magistra, alihimiza kwamba karakana za mafundi na vyama vya ushirika vilindwe na kuendelezwa. Naye Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi hutangulia mtaji. Mashine, majengo na fedha ni matunda ya kazi ya watu waliotutangulia. Ni vyombo, na chombo hakiwezi kuwa bwana wa anayekitumia.

Tukilipokea fundisho hilo, hatuna budi kuutazama upya utaratibu wa biashara tuliouzoea. Katika biashara ya kawaida, mtaji huajiri watu: mwenye fedha huamua, na faida humfuata yeye. Katika ushirika wa wafanyakazi, watu huajiri mtaji: wao huamua, na ziada hurudi kwao.

2. Mfano wa Mondragón

Mwaka 1941 padre kijana, José María Arizmendiarrieta, alipelekwa kuwa paroko msaidizi katika mji mdogo wa Mondragón, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, na umaskini ulikuwa mkubwa. Hakuanza na kiwanda. Mwaka 1943 alianzisha shule ya ufundi kwa michango ya wananchi. Miaka 13 ikapita katika kufundisha ufundi pamoja na mafundisho jamii ya Kanisa. Mwaka 1956 vijana watano waliopitia malezi yake wakaanzisha kiwanda chao, ULGOR, kilichotengeneza majiko na vifaa vya kupasha joto. Mwaka 1959 ikaanzishwa benki ya ushirika, ili akiba za wenyeji zizae kazi palepale walipo. Padre huyo alifariki mwaka 1976, na Desemba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha hati inayotambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 muungano wa Mondragón ulikuwa na vyama 80 hivi na wafanyakazi wapatao 70,000.

Utaratibu wao ni huu. Kila mwanachama hutoa kiingilio kikubwa, kinachokaribia mshahara wa mwaka mmoja wa ngazi ya chini, na aweza kukilipa kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara. Katika mkutano mkuu kila mtu ana kura moja, awe mhandisi au mfagiaji. Mkutano huchagua baraza la uongozi, nalo baraza humteua meneja na kumwondoa. Hapo mwanzo mshahara wa juu haukuzidi mara tatu ya ule wa chini. Baadaye pengo hilo lilipanuka hadi kiasi cha mara sita. Ziada hugawanywa mafungu matatu: moja ni akiba ya chama isiyogawika, jingine ni la elimu na huduma za jamii, na la tatu huandikwa katika hesabu ya kila mwanachama, ambaye huipokea anapostaafu au kuondoka. Hasara nayo hubebwa na wote.

3. Tusijidanganye

Mtasema: ushirika tunaujua, na umetuumiza. Ni kweli kwamba Tanzania ina historia ndefu ya ushirika. Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Lakini mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, hata sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Tujifunze hapo kwamba chama kinachoweza kufutwa kwa amri ya ofisini hakijawa mali ya wanachama mioyoni mwao. Tena, ushirika wa mazao huuza mavuno ya wakulima ambao kila mmoja ana shamba lake. Ushirika wa wafanyakazi wadai zaidi, kwa sababu hapo karakana yenyewe, zana na maamuzi ni vya wote.

Hata Mondragón haikukosa machozi. Mwaka 2013 Fagor, kampuni ya vyombo vya umeme vya nyumbani iliyotokana na ULGOR ile ya kwanza, ilifilisika. Wanachama walipoteza fedha zao walizoziweka humo. Hata hivyo, wengi wao walipokewa katika vyama vingine vya muungano, au walisaidiwa kustaafu mapema. Mshikamano haukuzuia kuanguka; ulizuia walioanguka wasiachwe njiani. Aidha, katika matawi ya nchi za nje wafanyakazi wengi ni waajiriwa tu, wala hawana kura. Haki inayoishia mpakani ni haki iliyopungua.

4. Tufanye nini?

Kwanza, tuanze na elimu. Miaka 13 ya shule ilitangulia kiwanda kile. Vijana kumi wanaojua kusoma hesabu za chama ni hazina kuliko mkopo mkubwa.

Pili, kila mmoja aweke chake, hata kama ni kidogo. Fedha ya mfadhili haina mwenyewe wa kuilinda usiku.

Tatu, daftari liwe wazi kwa kila mwanachama. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mweka hazina anayekasirika akiulizwa hafai, hata kama ni mcha Mungu.

Nne, tufuate Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na tumwone afisa ushirika kabla ya kununua hata msumari.

Tano, padre asiwe mwenyekiti. Arizmendiarrieta alishauri na kufundisha, lakini hakushika uongozi wa viwanda vile.

Ndugu zangu, ushirika si njia ya mkato ya kutoka katika umaskini, na biashara yaweza kushindwa hata ikiwa ya haki. Lakini mtu anayepiga kura juu ya kazi yake hutembea akiwa ameinua kichwa, na heshima hiyo Mungu alimpa tangu kuumbwa. Tusimnyime.

Maswali kwa jumuiya
1. Katika eneo letu, nani huamua juu ya kazi, na nani hupata matunda yake?
2. Je, tupo watu kumi tunaoaminiana kiasi cha kufunguliana madaftari?
3. Ni elimu gani inayotupungukia kabla ya kuanza?